Maji ya Bethlehemu na Vihenge vya Ubena: Tahakiki ya Masimulizi ya Mashambulizi ya Kushtukiza Vitani

Utangulizi

Jumapili moja tulihubiri katika usharika mmoja wa Makambako kutoka kitabu cha Waamuzi, sura ya 7: Gideoni na watu wake 300, tarumbeta, mitungi mitupu na mienge. Ili kulileta Neno karibu na wasikilizaji, tulichukua mfano kutoka historia ya nchi yetu wenyewe. Tuliwakumbusha vijana kwamba mwezi Februari 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi kimoja cha jeshi la Kijerumani chini ya Kapteni Max Wintgens kilijitenga na wenzake huku kusini, kikapenya katikati ya adui zake, na kwa muda wa miezi saba na zaidi kikawasumbua Waingereza na Wabelgiji waliokuwa wengi kuliko wao mara nyingi. Tukasema: wachache wenye moyo huwashinda wengi wenye hofu. Usharika ulisikiliza vizuri. Baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alitushika mkono nje ya mlango, akatuuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, na watu hao walikula nini?"

Hatukuwa na jibu. Makala hii imetokana na swali hilo.

Nia yetu si kuandika historia ya vita. Wapo waliokwisha kuifanya kazi hiyo kwa ustadi. Tunakusudia kuhakiki aina moja ya masimulizi: yale yanayosifu vikundi vidogo vya askari wanaoingia kwa ghafla mahali pa adui, wakapiga, wakatoweka. Vijana wetu wanaifahamu kazi hiyo kwa jina la makomandoo, na wanaiona kila siku katika filamu. Tutaangalia hasa kumbukumbu za Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, zilizochapishwa mwaka 1920 kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, kwa kuwa ndizo mama wa masimulizi mengi ya namna hii kuhusu nchi yetu. Tutazisoma sambamba na Maandiko Matakatifu. Hoja yetu ni moja tu: masimulizi ya ushujaa hukoma kabla ya mlo, lakini Biblia haikomi hapo. Na mhubiri anayekoma mahali ambapo Biblia haikomi anahubiri kitu kingine.

1. Vita vilivyopita Ubena

Inafaa kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa, maana vijana wengi wa sharika zetu wanapita kila siku mahali ambapo mambo hayo yalitendeka bila kujua.

Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey, yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaliitwaa Njombe, na mji huo ukawa makao yake. Mwezi Julai walipigana Malangali, na mwishoni mwa Agosti wakaingia Iringa. Mwezi Septemba Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji, na majeshi ya Kijerumani ya magharibi, chini ya Jenerali Kurt Wahle, yakaanza kurudi kusini mashariki ili yaungane na wenzao. Nyuma yao hapakuwa tena na reli wala ghala, na mbele yao alikuwapo Northey. Basi yalisafiri vipande vipande, yakishambulia vituo vya Waingereza na kuzikata njia zao. Novemba 1916 yalipiga Malangali na Lupembe. Kikosi kimoja hakikufaulu kupita: kilizingirwa katika misheni ya Ilembula, mahali ambapo leo ipo hospitali ya Kanisa letu, nacho kikajisalimisha tarehe 26 Novemba 1916, pamoja na mzinga mkubwa kiliokuwa kikiukokota.

Miezi mitatu baadaye ndipo Wintgens alipojitenga. Huyu alikuwa amezoea kazi ya namna hiyo. Mnamo Septemba 1914, akiwa mtawala wa Kijerumani huko Rwanda, alikiteka kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu kwa shambulio la ghafla. Safari hii alikuwa na askari wapatao 500. Alipinda magharibi, akapigana Tandala katika Ukinga, akaelekea bonde la Rukwa, kisha kaskazini hadi Unyamwezi. Mwezi Mei 1917, akiwa mgonjwa wa homa ya taifasi, alijisalimisha kwa Wabelgiji. Msaidizi wake, Heinrich Naumann, hakukubali kukoma. Aliivuka Reli ya Kati, akazunguka kaskazini, na mwishoni mwa Agosti watu wake waliishambulia stesheni ya Kahe, karibu na Moshi. Mwanzoni mwa Oktoba 1917 alizingirwa katika nchi ya Kondoa na kujisalimisha, akiwa amebaki na askari wasiofikia nusu ya wale walioondoka kusini.

Hata hapo haikuwa mwisho kwa nchi yetu. Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck mwenyewe, akitoka Msumbiji, alipita Songea na Ubena. Hapa alimwacha Jenerali Wahle, aliyekuwa mgonjwa, akaendelea hadi Rhodesia ya Kaskazini. Huko Abercorn, yaani Mbala ya leo, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi zaidi ya 1,500.

Tutazame jumla ya mambo haya kwa jicho la mkulima wa Ubena. Katika miaka ya 1905 hadi 1907, wakati wa Vita vya Maji Maji, mashamba na maghala ya kusini yaliteketezwa kwa makusudi, kwa kuwa watawala waliiona njaa kuwa silaha ya kuwatiisha watu. Miaka tisa baadaye jeshi moja lilipita, kisha jeshi la pili, kisha la kwanza tena. Wintgens aliondoka mwezi Februari. Kila mtu aliyezaliwa katika nyanda hizi anajua Februari ni mwezi wa namna gani: mvua inanyesha, mazao yangali mabichi shambani, na ulezi na mahindi ya mwaka uliopita yamebaki kidogo chini ya kihenge. Kikosi kinachosafiri mwezi huo bila ghala nyuma yake kinaishi kwa kile kidogo kilichobaki. Hakuna njia nyingine.

Hili ndilo jibu la swali la mzee wetu, na si jibu la siri. Kikosi kidogo kinakwenda kwa kasi kwa sababu hakibebi chakula cha siku nyingi. Hakibebi chakula cha siku nyingi kwa sababu kinakitwaa njiani. Wepesi wake tunaousifu umelipiwa na mtu mwingine.

2. Kitabu kinavyosema

Tulipoanza kuzisoma kumbukumbu za Lettow-Vorbeck tulidhani tutakuta habari ya chakula imefichwa. Hatuna budi kukiri kwamba tulikosea. Mwandishi huyu anaandika juu ya chakula karibu kila mahali: unga, ng'ombe, nyama ya mwituni, chumvi, mafuta, hata dawa ya homa iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Alikuwa amiri aliyejua kwamba askari hapigani akiwa na tumbo tupu, na anaeleza kwa fahari jinsi walivyoweza kuishi kwa miaka minne bila kuletewa kitu kutoka kwao, isipokuwa mara chache.

Ndipo tulipoona jambo zito zaidi. Chakula kimo, lakini mwenye chakula hayumo. Nchi fulani inasemwa kuwa ina neema, nyingine kuwa haina. Nafaka hupatikana. Ng'ombe huangukia mikononi mwa kikosi. Daraja likivunjwa tunaambiwa jina la luteni aliyelivunja. Debe la ulezi likichukuliwa hatuambiwi limechukuliwa kwa nani. Msomaji wa Berlin au London wa mwaka 1920 angeweza kukimaliza kitabu kizima akidhani kwamba mahindi katika Afrika ya Mashariki hujiotea yenyewe, kama nyasi.

Hatusemi kwamba kitabu hiki hakina uzuri. Sehemu zilizotugusa kuliko zote ni zile zinazosimulia doria ndogo zilizotumwa mwaka 1915 kutoka upande wa Kilimanjaro kwenda kuilipua Reli ya Uganda. Zilikuwa doria za watu wapatao 10, Wazungu wachache na Waafrika, waliovuka nyika kavu kwa siku nyingi, wakipigana zaidi na kiu kuliko na adui, na wengine hawakurudi. Hapa mwandishi anawaona watu. Anaijua kiu yao na uchovu wao. Ukisoma kurasa hizo hutaweza kusema kwamba ushujaa ni neno tupu.

Lakini kwa nini anaona hapa na haoni kule? Kwa maoni yetu ni kwa sababu nyikani hapakuwa na kijiji. Katika nyika ile gharama ya ushujaa ililipwa na shujaa mwenyewe, kwa mwili wake. Ubena na Unyamwezi gharama ililipwa na mama mwenye kihenge. Mwandishi aliyezoea kupima gharama kwa miili ya askari wake hana kipimo cha gharama ya pili. Jambo hili linaonekana wazi katika hukumu yake juu ya safari ya Wintgens. Anausifu moyo wa kikosi kile, lakini anasikitika kwamba kilijitenga mbali mno na uwanja mkuu wa vita, kwa hiyo hakikuleta faida iliyotazamiwa. Hiyo ni hukumu ya amiri, na kwa kipimo cha amiri ni ya haki. Sisi tunauliza kama kipimo chenyewe kinatosha.

Martin Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alifundisha tofauti kati ya mtheolojia wa utukufu na mtheolojia wa msalaba. Yule wa kwanza huubadilisha ubaya kwa jina zuri. Wa pili hulitaja jambo jinsi lilivyo. Fundisho hili halihusu mimbari tu. Ni kanuni ya uhakiki pia. Kulitaja jambo jinsi lilivyo, katika habari yetu hii, ni kusema kwamba kikosi kilipora, na kwamba kilikuwa na ushujaa. Yote mawili ni kweli, wala moja halilifuti jingine.

3. Maandiko yanavyosimulia

Sasa tuirudie Biblia, tukianza na kosa letu wenyewe. Tulihubiri Waamuzi 7 tukakomea hapo. Laiti tungalifungua ukurasa wa pili! Katika sura ya 8, Gideoni na wale 300 wamevuka Yordani, wamechoka, nao wangali wakiwafuatia adui. Jambo la kwanza Gideoni analolifanya ni kuwaomba watu wa Sukothi mikate kwa ajili ya watu wake (Amu 8:5). Wakuu wa Sukothi wanakataa, maana hawajui bado nani atashinda. Watu wa Penueli wanajibu vivyo hivyo. Gideoni anaporudi na ushindi, anaandikiwa majina ya wakuu na wazee 77 wa Sukothi, anawaadhibu kwa miiba ya nyikani, kisha anaubomoa mnara wa Penueli na kuwaua watu wa mji.

Hao si Wamidiani. Ni Waisraeli. Ni wanakijiji walioogopa kutoa chakula kwa kikosi kimoja, wasije wakaadhibiwa na kikosi kingine. Mkazi yeyote wa Lupembe wa mwaka 1916 angeielewa sura hii bila mfafanuzi. Mwandishi wa Waamuzi haongezi neno la kumlaumu Gideoni, lakini pia hafichi. Anawahesabu wazee wale. Na mwisho wa sura anatuonyesha dhahabu ya nyara ikigeuzwa kuwa naivera, ikawa tanzi kwa Gideoni na nyumba yake (Amu 8:27).

Ndivyo ilivyo pia katika habari ya Yonathani. Yeye na mchukua silaha wake wanapanda genge kwa mikono na miguu na kuishtua ngome ya Wafilisti (1 Sam 14). Hakuna kisa cha makomandoo kilicho kizuri kuliko hiki. Lakini sura haijaisha, na watu wamezimia kwa njaa kwa sababu ya kiapo cha Sauli, nao wanairukia nyara na kula nyama pamoja na damu. Tena tunakutana na mlo.

Twende Siklagi. Daudi anawafuatia Waamaleki waliouteketeza mji wake (1 Sam 30). Njiani watu wake wanamkuta kijana wa Misri ameanguka shambani. Ni mtumwa wa Mwamaleki, na bwana wake amemwacha kwa sababu aliugua siku tatu zilizopita. Hajala mkate wala kunywa maji siku tatu, mchana na usiku. Tunaposoma hapa tunamwona mpagazi. Tunamwona aliyetuliza mzigo wake kando ya njia kati ya Tandala na Rukwa, naye kikosi kikaendelea, maana kikosi chepesi hakimngoji mgonjwa. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa katika vita vile walizidi 90,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Biblia inasimama kwa ajili ya mmoja. Inaeleza alipewa nini: mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu. Kisha, katika sura hiyo hiyo, Daudi anaweka sheria kwamba aliyebaki kulinda mizigo kwenye kijito cha Besori atapata sehemu sawa na aliyeshuka vitani (1 Sam 30:24). Watu waovu miongoni mwa wapiganaji waliipinga. Hata leo sheria hii inapingwa, kwa maana katika masimulizi yetu ya vita mlinda mizigo hapati sehemu hata ya jina.

Hatupaswi kumfanya Daudi malaika. Alipokaa kwa Wafilisti alifanya mashambulizi ya namna ile ile, akiwaua wanaume na wanawake asije mmoja akapeleka habari (1 Sam 27:8–11). Maandiko yameyaandika hayo pia.

Lakini kipo kisa kimoja kinachotoa hukumu juu ya visa vyote. Daudi yuko katika pango la Adulamu, na Wafilisti wako Bethlehemu. Anatamani maji ya kisima kilicho karibu na lango la mji. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wanateka maji, wanayaleta (2 Sam 23:13–17). Hapakuwa na faida ya kivita. Ulikuwa ushujaa mtupu, wa kumpendeza bwana wao. Naye Daudi hakunywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani ya chombo kile si maji, bali damu ya watu waliokwenda kwa kuhatarisha nafsi zao.

Wafafanuzi wengine huona hapa upotevu: watu wamehatarisha maisha, na maji yanamwagwa chini! Sisi tunaona kinyume. Daudi hakuwadharau mashujaa wake. Aliwapa heshima ambayo hakuna medali inayoweza kuitoa. Alikataa kuishi kwa gharama ya mwingine bila kuitaja. Angekunywa, yale yangekuwa maji tu, na wale watatu wangekuwa wachukuzi wa maji. Kwa kuyamimina alilitaja jambo jinsi lilivyo. Hiki ndicho kipimo ambacho amiri wa mwaka 1917 hakuwa nacho, na ambacho mhubiri wa Makambako alikisahau.

4. Sanamu na riwaya

Je, wengine wameandika vizuri zaidi? Tuanze na kumbukumbu zisizo za karatasi. Katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya askari mwenye bunduki na singe. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, lakini anayeonekana ni askari peke yake. Nairobi, mwaka mmoja baadaye, ilisimamishwa sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Tofauti hii si ndogo. Mpita njia wa Nairobi humwona aliyebeba. Mpita njia wa Dar es Salaam inambidi asimame na kusoma. Hata hivyo jiji la Dar es Salaam limewakumbuka wapagazi kwa namna ambayo haikupangwa na mchonga sanamu yeyote. Soko lake kuu linaitwa Kariakoo, jina lililotokana na jeshi la wapagazi waliopiga kambi mahali pale. Tunaona ina maana kwamba jina lao limebaki mahali pa kununua unga na maharage.

Kwa upande wa riwaya, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza kitabu chake Afterlives, kilichochapishwa mwaka 2020. Mhusika wake Hamza anajiunga na jeshi la Kijerumani na kupita katika vita hivi hivi. Nguvu ya riwaya hii ni kwamba haimkomeshi msomaji kwenye shambulio. Tunaona vijiji vikiachwa ukiwa, tunaona hofu ya watu wanaposikia jeshi linakuja, na tunaona jeraha la mtu mmoja likichukua miaka mingi kupona. Wasomaji wetu watavutwa hasa na sehemu ambayo Hamza anauguzwa katika misheni na mchungaji Mjerumani na mkewe. Picha ya mchungaji yule si ya malaika wala ya shetani. Tungetamani kila mwanafunzi wa theolojia aisome.

Tuna neno moja la kulalamika. Hata katika kitabu hiki chema, wapagazi wanabaki zaidi kuwa kundi kuliko kuwa watu. Askari amepewa jina, mama na mapenzi. Aliyebeba sanduku la risasi nyuma yake hajapewa kwa kiasi kile. Labda kazi hiyo inawangoja waandishi wa Kiswahili, na kwa nini asiwe mmoja wa wasomaji wa jarida hili?

5. Pingamizi

Tunajua kwamba ndugu wengine watatupinga, nao wana haki.

Wa kwanza atasema kwamba Kanisa letu halikatai kazi ya askari. Ni kweli. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo aweza kupigana vita vya haki, na Luther mwaka 1526 aliandika kijitabu kizima kuwatuliza dhamiri askari waliouliza kama nao wanaweza kuokolewa. Lakini katika kijitabu hicho hicho anawakemea wanaokwenda vitani kwa tamaa ya mali. Kuikubali kazi ya askari si sawa na kuikubali kila namna ya kuisimulia.

Wa pili atasema kwamba kikosi kidogo humwaga damu kidogo kuliko jeshi kubwa. Ikiwa tunahesabu waliokufa kwa risasi, huenda amesema kweli. Lakini tukihesabu pamoja na waliokufa kwa njaa, hesabu inabadilika. Huko Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalitwaa nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua ikakosekana, ilikuja njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Inakadiriwa kwamba iliwaua watu wapatao 30,000. Hakuna shambulio moja, kubwa wala dogo, linaloweza kulaumiwa peke yake. Ndiyo sababu hakuna msimulizi wa shambulio anayejiona anahusika.

Pingamizi la tatu ndilo linalotugusa zaidi. Katika sharika zetu wamo wazee waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wengine walifanya mambo ya ujasiri mkubwa usiku, wakiwa wachache. Je, tuwaambie kwamba ushujaa wao ni bure? La hasha. Yule anayewasifu kwa maneno ya filamu hawasikilizi. Tumewahi kukaa na baadhi yao, na tumeona kwamba mara nyingi hawapendi kusimulia shambulio lenyewe. Wanasimulia juu ya mwenzao aliyegawana nao maji, au juu ya nyumba walimolala wasijue wenyewe wamekimbilia wapi. Wao tayari wanaisoma sura ya 8. Ni wahubiri tunaowarudisha kwenye sura ya 7.

Hitimisho

Tumesema kwamba masimulizi ya mashambulizi ya kushtukiza hukoma kabla ya mlo. Tumeona kwamba kumbukumbu za Lettow-Vorbeck zinakitaja chakula bila kumtaja mwenyewe. Tumeona kwamba Maandiko, kila yanaposimulia kisa cha wachache mashujaa, huendelea hadi kwenye mkate, maji na mtu aliyeachwa njiani, na kwamba kilele chake ni mfalme asiyekunywa.

Kuna wajibu unaotufuata, na hasa unawafuata wanafunzi waliotoka katika sharika za Njombe, Makambako, Ilembula, Lupembe na Tandala. Baadhi ya vituo hivi vilianzishwa na wamisionari wa Berlin. Vita vilipowaondoa, sharika zilitunzwa na walimu na wainjilisti wenyeji, pamoja na msaada wa ndugu Waskoti, hadi wamisionari wale waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925. Walioona majeshi yakipita wamekwisha kufa, lakini watoto na wajukuu wao wangalipo, na wakati unapita. Waulizwe sasa. Wasiulizwe tu nani alipigana, bali pia nani alibeba, nani hakurudi, na kihenge cha nani kilifunguliwa.

Nasi wahubiri tusiihubiri tena Waamuzi 7 bila sura inayofuata. Tungependekeza habari hizi zisomwe siku ya Sikukuu ya Mavuno, waumini wanapoleta madebe ya mahindi na maharage mbele ya madhabahu na kuyaweka chini kwa hiari yao. Siku hiyo kila mtu kanisani anajua debe moja lina uzito gani, na limetoka kwa nani.